Rehani ya Nyumba Si Rehani ya Shamba

Asubuhi, kabla hata ya kufungua mlango, Apolot alitazama kwanza juu. Chumba walichopanga mjini Tororo kilikuwa na bati lililotoboka. Mvua ikinyesha, sufuria zote zilitandazwa sakafuni kukinga maji. Apolot aliyamwaga maji nje, akawasha jiko la mkaa, akakoroga uji wa wimbi, akawaamsha watoto waende shule. Binti yake mkubwa, Among, alikuwa amezoea kuruka sufuria akitafuta viatu vyake.

Walikuwa wamehamia Tororo karibuni tu. Mumewe, Okanya, alikuwa msimamizi wa ghala la pamba. Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo Busia. Kisha, mwaka wa tatu baada ya uhuru, wenye kinu cha kuchambua pamba walijenga ghala jipya Tororo, wakamtuma kulisimamia. Mshahara uliongezeka kidogo, lakini kule Busia walikaa katika nyumba ya kinu bila kulipa kodi. Huku walikuwa wapangaji, na mwenye chumba alikuwa mtu wa kubisha hodi na kuingia kabla hajaitikiwa.

Ndipo waliposikia kwamba Mzee Ofumbi anauza nyumba yake.

Mzee Ofumbi alikuwa seremala. Alitaka kurudi kwao Iyolwa akalime mihogo na kupumzika mbali na makelele ya mji. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu, mabati mazima, jiko la nje, na nyuma palikuwa na nafasi ya kupanda mboga. Kiwanja kilikuwa na hati ya serikali. Apolot aliiona nyumba hiyo mara moja tu, na tangu hapo alikuwa akipanga vitanda vya watoto akilini mwake.

Mzee Ofumbi aliwaambia waziwazi kwamba atawangoja mpaka pamba ianze kuingia sokoni. Baada ya hapo, kulikuwa na mtu wa Malaba aliyeitaka nyumba, na fedha anazo.

Akiba ya Okanya na Apolot ilitosha kulipia theluthi ya bei. Sehemu iliyobaki ilibidi wakope.

Okanya hakuona shida. Kule Busia alikuwako Ojiambo, mfanyabiashara mwenye duka na lori, aliyefahamiana naye tangu ujana. Kila Jumapili mchana walikuwa wakikaa pamoja kwenye chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu, wakinywa polepole na kucheka. Okanya alimpelekea salamu, na jibu likarudi siku ya pili yake: fedha ziko tayari, njoo na hati ya nyumba utakapoipata, itakaa kwangu kama rehani.

Hapo Tororo palikuwa pia na ofisi ya chama cha mikopo ya nyumba. Okanya alikuwa amekwenda huko, akatoka amenuna. Walimtaka alete barua ya mwajiri kuhusu mshahara wake. Walimwuliza ana watoto wangapi, na kama ana deni mahali pengine. Walisema watatuma mkaguzi aitazame nyumba, na kwamba shughuli yote itachukua majuma kadhaa.

"Wananichunguza kama mwizi wa kuku," alimwambia mkewe. "Ojiambo hakuniuliza hata swali moja. Ananijua."

Apolot hakubisha. Lakini kukopa kupita kila walichokuwa nacho lilikuwa jambo jipya kwake. Alipokuwa akifua, aliwaza: na Okanya akiugua? Na pamba isipopatikana? Alijituliza kwa kumkumbuka baba yake.

Baba yake alikuwa mkulima wa Mukuju. Mwaka mmoja wa njaa alichukua fahali kwa jirani, na jirani akapewa bustani alime mpaka fahali arudishwe. Hiyo ndiyo rehani Apolot aliyoijua. Miaka ilipita. Apolot alikua, akavunja ungo, na bustani ilikuwa bado inalimwa na yule jirani. Kisha baba akapata fahali, akampeleka. Jirani akavuna karanga zake, akaondoka bustanini bila neno. Kwao hakuna aliyesema umechelewa. Ng'ombe akirudi, ardhi hurudi.

Basi Apolot alijiambia kwamba hata wakichelewa, nyumba itawangoja kama bustani ilivyomngoja baba.

Alhamisi moja alikwenda kwenye klabu ya akina mama. Mwalimu wa klabu aliitwa Adeke, mwanamke mwembamba mwenye baiskeli nyeusi, aliyefundisha kushona, kutunza watoto wachanga na mambo ya matumizi ya nyumbani. Siku hiyo Apolot alishona mkono wa gauni ukatoka nje ndani. Wenzake walimtania kwamba anamshonea mtu aliyezaliwa kinyumenyume. Alicheka kidogo, akaufumua, akaushona kinyume tena, na Adeke akaona. Wengine walipoondoka, alimzuia.

Apolot alimweleza yote: nyumba, Ojiambo, ile ofisi yenye maswali mengi, na bustani ya baba yake Mukuju. Alipofika kwenye bustani, Adeke aliiweka sindano chini.

"Mama Among, nani amekuambia kwamba nyumba itawangoja?"

"Si ni rehani, mwalimu?"

"Ni rehani. Lakini rehani ya nyumba si rehani ya shamba. Yule jirani alikuwa akila katika bustani ya baba yako kila mwaka. Kwa nini awe na haraka? Baba yako angekaa miaka ishirini, jirani angevuna miaka ishirini. Mkopeshaji wa nyumba hali matofali. Anachongoja ni fedha zake, na tarehe zake zimeandikwa. Tarehe ikipita, kinachofuata ni kile mlichokubali kwa sahihi yenu. Je, mmekubali nini na Ojiambo?"

Apolot hakuwahi kuwaza hilo. Hakujua. Okanya naye hakujua. Nani angemwuliza? Mtu mliyekaa naye kwenye chungu kimoja humwulizi masharti. Ni kama kumwambia usoni kwamba humwamini.

Adeke alitabasamu kwa huzuni. Alisema hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Hakusema Ojiambo ni mbaya, kwa kuwa hamjui. Hakusema pia kwamba kila ofisi yenye kibao mlangoni ni nzuri, kwani nyingine huondoka na akiba za watu. Alisema mkopeshaji hachaguliwi kwa urafiki, wala kwa upesi wake, wala kwa ukubwa wa ofisi. Wawaulize wote maswali yaleyale, kisha walinganishe majibu.

"La kwanza," alisema, "tukichelewa, itakuwaje? Hilo ndilo watu huogopa kuuliza, na ndilo kubwa. Halafu uliza habari za riba, yaani nyongeza mtakayolipa juu ya mkopo. Sikiliza. Nimekukopesha vikapu kumi vya karanga, umenirudishia vitano. Nyongeza yangu niidai juu ya kumi, au juu ya vitano vilivyobaki?"

"Vitano. Vile vingine umekwisha kula."

"Basi wako wanaodai juu ya kumi mpaka siku ya mwisho. Lazima uulize. Tena uliza tukimaliza kulipa, hati itarudije mikononi mwetu, na nani ataifuta rehani katika daftari la serikali. Na kabla ya kumchagua yeyote, mtafute mtu aliyekwisha kumaliza deni kwake. Huyo ndiye atakayekuambia kweli."

Apolot alirudi nyumbani akiyarudia maswali midomoni, kama mtoto aliyetumwa dukani asiyetaka kusahau.

Kumwambia Okanya ilikuwa kazi nyingine. Alisikiliza, kisha uso ukajifunga. Alisema hatakwenda kumvunjia heshima rafiki yake kwa maneno ya mwalimu wa cherehani. Apolot hakupandisha sauti. Alimkumbusha jinsi bustani ya baba yake ilivyowekwa rehani. Mambo hayo hayakusemwa kwenye chungu. Watu walisimama mpakani mwa shamba, mbele ya majirani, kila mmoja akasema kwa sauti anachotoa na anachotaka. Hakuna aliyeona ametukanwa.

"Tufanye kama kwetu, Baba Among," alisema. "Simwiti mwizi. Nataka aseme, na watu wasikie."

Okanya alilitazama bati lililotoboka. Kisha alisema watakwenda wote wawili.

Jumapili iliyofuata walipanda basi mpaka Busia. Nyuma ya duka la Ojiambo, kibandani, watu walikuwa wamekizunguka chungu. Ojiambo, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, alimkumbatia Okanya na kumpa mrija.

"Shemeji," alimwambia Apolot, "naona Tororo wanakunyima chakula. Mfupa mtupu."

"Chakula kipo, shemeji. Ni usingizi ambao haupo."

Watu walicheka. Lakini Apolot alibaki amesimama. Alisema kwamba mambo ya rehani kwao husemwa uwanjani, na akamwomba Ojiambo auweke mrija wake kando kidogo, watoke nje na wale wazee wawili watatu waliokuwapo. Wanywaji waliitoa mirija midomoni. Okanya alitazama chini. Kwa kitambo Apolot alifikiri ameharibu kila kitu.

Ojiambo alimtazama, kisha akainuka akipangusa mdomo. "Okanya ameoa polisi," alisema. Wakatoka.

Uwanjani Apolot aliuliza kama alivyofundishwa. Tukichelewa, itakuwaje?

Ojiambo hakuficha wala hakuona haya. Alijibu kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Mwezi mmoja nitavumilia. Miezi miwili, nyumba ni yangu. Naiuza au naikalia."

"Na zile tulizokwisha kukulipa?"

"Hizo ni kodi ya uvumilivu wangu, shemeji."

Okanya aliinua kichwa. "Hata nikiwa nimelipa miaka minne?"

"Ndugu yangu, hata mitano. Mimi si benki. Fedha zangu ni lori langu. Zikikwama kwako, lori halina mpira. Nilidhani unajua. Kila anayekopa kwangu hukopa hivyo."

Riba yake nayo ilihesabiwa juu ya mkopo mzima mpaka mwisho, vikapu kumi hata kama umerudisha tisa. Wale wazee walitikisa vichwa. Mmoja alinong'ona kwamba ndivyo mpwa wake alivyopoteza duka.

Walipanda basi la kurudi. Walipokaribia mji Okanya alisema kwa sauti ya chini, "Angenifukuza na watoto, na asingekuwa amenidanganya. Mimi ndiye sikuuliza."

Kesho yake Okanya aliomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja kwenye ofisi ya chama cha mikopo ya nyumba. Karani aliitwa Nasifu, kijana wa pale mjini, mwenye kofia nyeupe na maneno machache. Safari hii walikwenda kuuliza, si kuulizwa tu. Nasifu aliwajibu moja baada ya jingine. Riba ilihesabiwa juu ya deni lililobaki tu, hivyo ilipungua jinsi deni lilivyopungua. Wakichelewa, wangeandikiwa barua na kuitwa wazungumze. Hakuficha kwamba wakikaa muda mrefu bila kulipa wala kusema, nyumba ingeuzwa kwa mnada. Lakini fedha za mnada zikizidi deni, zilizozidi ni zao. Alitaja pia gharama za mkaguzi na za kuandikisha rehani, ambazo Okanya hakuwa amezifikiria kabisa.

"Na kwa nini mnauliza mshahara wangu?" alisema Okanya, bado akiwa na kidonda kidogo moyoni.

"Ili tusikupe mzigo utakaokuvunja mgongo," alijibu Nasifu. "Ukivunjika, sisi pia tumepata hasara."

Hawakutia sahihi siku hiyo. Walimtafuta mtu aliyemaliza deni pale. Adeke aliwaelekeza kwa mama mmoja muuza vitenge sokoni. Mama huyo aliwaambia kwamba ofisi ile huenda polepole kama kinyonga, na kwamba aliwatukana mara nyingi moyoni mwake. Lakini siku aliyomaliza kulipa, hati ilirudi, rehani ikafutwa, na sasa anakodisha chumba kimoja cha nyumba hiyo. Maneno hayo yaliwatosha.

Lakini muda ulikuwa unakwisha, na pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani. Adeke aliwashauri wasimwachie Mzee Ofumbi ahadi ya mdomo tu. Walimpa arubuni, yaani sehemu ya bei ya kuishikia nyumba, wakaandikiana mbele ya chifu kwamba nyumba isiuziwe mwingine mpaka ofisi itoe jibu, na kwamba mkopo ukikataliwa arubuni itarudi.

Yale majuma ya kungoja yalimkondesha Apolot. Kila jioni alimwuliza Okanya kama kuna habari, na kila jioni hapakuwa na habari. Siku moja alipita karibu na ile nyumba akamwona mtu mgeni uani, akipima ardhi kwa hatua zake, tano huku, tano kule. Alikuwa yule mtu wa Malaba. Apolot alisogea kwenye uzio. Alimsikia mtu yule akisema ataongeza bei, fedha taslimu, leo hii.

Mzee Ofumbi alikuwa akipiga randa ubao. Hakuinua hata macho. "Nimeandikiana na watu mbele ya chifu," alisema. "Wakishindwa, nitakuita."

Mkaguzi alikuja juma lililofuata. Alipanda juu ya dari, akagonga kuta, akapima kiwanja kwa kamba kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe jingine. Alipofika nyuma alisimama. Jiko la nje lilikuwa limevuka mpaka, nusu yake ikiwa katika kiwanja cha jirani. Mzee Ofumbi mwenyewe hakuwa anajua. Aliona haya mpaka akavua kofia. Alikubali kulibomoa na kulijenga upya upande wa ndani kabla ya kuuza, kwa mikono yake mwenyewe.

Okanya alimtazama mkewe. Kwa fedha za haraka za Ojiambo wangenunua jiko pamoja na kesi yake.

Mkopo ulikubaliwa pamba ikiwa imejaa maghalani. Nasifu aliwasomea mkataba kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele, na hawakutia sahihi mahali ambapo hawakuelewa. Walihama kwa mkokoteni. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha sana. Apolot aliamka kwa mazoea, akapapasa gizani akitafuta sufuria. Kisha akakumbuka. Alikaa kitandani akisikiliza maji yakipiga mabati mazima, yasiingie hata tone.

Hofu haikuondoka yote. Mtu mwenye deni hulala jicho moja wazi. Mwaka wa pili, robota la pamba lilimwangukia Okanya ghalani, likamvunja mguu. Alilazwa hospitali, na mshahara ukapunguzwa nusu.

Apolot hakungoja tarehe ipite. Alikumbuka Nasifu alivyosema: wakikaa bila kulipa wala kusema. Kabla mwezi haujaisha alivaa gauni lake zuri, akachukua barua ya daktari, akaenda ofisini. Njia nzima aliogopa. Lakini mbele ya meza alisema yote. Nasifu alikwenda kwa mkubwa wake, akarudi. Kwa miezi minne wangelipa riba tu. Sehemu nyingine ya malipo ingesogezwa mwisho wa mkopo.

Miezi ile alishona usiku na mchana, sketi za wanafunzi na mashuka ya hospitali, na riba ikalipwa. Mguu wa Okanya ulipona, ingawa alibaki akichechemea kidogo. Malipo yakaendelea kama mwanzo.

Baada ya hapo, jioni moja, lori lilisimama mbele ya nyumba. Aliyeshuka alikuwa Ojiambo, akielekea Mbale na magunia ya samaki wakavu. Alikuwa amesikia habari za mguu wa rafiki yake, akamletea fungu zima la samaki. Aliizunguka nyumba, akapiga kuta kwa kiganja, akalitazama jiko jipya. Alisimama mlangoni akihesabu kwa vidole miezi ambayo Okanya alikuwa kitandani.

"Shemeji," alisema, "kama usingenitoa kwenye chungu siku ile, leo nyumba hii ingekuwa yangu."

Hakuwa anatania, na wote watatu walijua.

"Ndiyo," alisema Apolot. Alimvutia kiti, akakipangusa kwa upande wa kanga yake. "Lakini leo wewe ni mgeni wetu. Kaa. Among, mletee shemeji yangu maji ya kunawa."